Mchi wa Nabifo

Kakai hakati chipukizi lililomfika goti.
"Hilo limeshakuwa mti," asema, "liache lijenge ua wa mtu."
Anatafuta lile ambalo jana halikuwapo,
lililotoboa majani makavu kwa ncha
kama jino la mtoto litoboavyo ufizi.
Analigusa kwa ubavu wa panga, analipima,
kisha kap!
sauti fupi, kama mtu aliyekatizwa
ndiyo kwanza anafungua kinywa.

Mimi ni fundi cherehani wa Mbale,
miguu yangu inajua pedali tu.
Mapafu niliyaacha kilima cha kwanza.
Kibali nimekitia mfuko wa nailoni, nimekificha kiatuni;
askari wa hifadhi alikisoma mara mbili,
akanitazama sketi, akauliza,
"Na huyu naye ni mkata mianzi?"
Kakai akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Huku juu mvua hainyeshi. Inakaa.
Imekaa kwenye kope, kwenye mkate, ndani ya kiberiti.
Mianzi inasuguana usiku kucha,
inalia kama kitanda cha wageni.

Kibandani tunayavua machipukizi makoti yake,
koti, na ndani koti, na ndani tena koti,
sioni mshono wala pindo,
natamani kumuuliza aliyeyapima.
Tunayalaza juu ya uchaga. Chini, moto wa kunong'ona:
ukiwaka sana yataiva, ukizimika yataoza.
Siku nne hivyo, mmoja akilala mmoja akichochea,
macho yakitiririka bila huzuni yoyote,
hata vidole, hata ndoto zikanuka moshi.

Usiku wa tatu ndipo Kakai alipoutaja mteremko,
ule ulioshuka mwaka jana wakati watu wamelala.
Akahesabu ulichochukua:
mafiga matatu, kinu,
mbuzi mwenye mimba, mlango mpya ambao haujalipiwa.
Akainamisha uso, akasogeza kuni.
Nabifo, akasema.
Sikujibu. Nilikuwa nimemshonea Nabifo gomesi,
bado iko dukani, kwenye msumari, na kipande cha karatasi: salio elfu kumi.

Tuliposhuka, mzigo ulikuwa mwepesi kuliko nilivyohofia;
malewa yakikauka huacha uzito wake mlimani.

Sasa sikiliza, maana nitakwambia mara moja.
Yaloweke usiku. Asubuhi yachemshe, maji ya kwanza mwaga,
yana uchungu, usimpe hata kuku.
Yakate mapande ya urefu wa kidole gumba.
Chuja majivu ya maganda ya ndizi, tia maji yake, si mengi,
mpaka nyuzi zilainike na bado zibishane na jino.
Karanga kaanga, pepeta, twanga mpaka zitoe mafuta,
koroga kwa upande mmoja, moto mdogo,
na sufuria usiifunike.
Anayefunika, Kakai asema, ana haraka ya kwenda wapi?

Tatizo lilikuwa kutwanga.
Kinu nilikuwa nimekinunua sokoni, chembamba, cha kisasa,
kimepakwa rangi ya mafuta kwa nje kama zawadi ya harusi.
Mchi ni ule wa Nabifo. Watoto waliuokota mtoni,
wiki mbili baadaye, umenasa kwenye mizizi.
Ni mnene. Hauingii sawasawa.
Kila ukishuka unagonga ukingo, tok,
ndipo unafika kwenye karanga, du.
Tok, du. Tok, du.
Nikasema kesho nitaleta mchi mwingine.
Kakai hakuinua kichwa.
Alikuwa anatwanga, jasho likimshuka puani,
na vumbi la mbao mbichi likianza kumeguka ukingoni,
jembamba, jeupe,
likidondokea karanga.

Tukala na matoke, tumeketi juu ya madebe.
Rojo lilikuwa zito, la rangi ya udongo ule ule.
Kakai akaonja, akalamba kidole, akafikiri kidogo.
"Chumvi," akasema,
akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama,
pale ambapo, katika jiko la zamani,
palikuwa na rafu.